Wiki Sita, Mara Mbili

Bi. Somoe alizikwa nikiwa mbali, kwa hiyo nilichokiwahi ni arobaini yake. Nilikaa kwenye jamvi uani pale Chikongola, katika nyumba niliyopanga chumba nikiwa na miaka ishirini na sita, nikawatazama wanawake wakipakua pilau kutoka kwenye masufuria ambayo nilidhani yalikwisha kutoboka zamani. Jiko limeezekwa upya. Chumba changu sasa ni stoo ya viti vya plastiki vya kukodisha. Aliyeketi karibu yangu, binti wa jirani ambaye siku zile alikuwa bado yuko sekondari, aliniuliza kama mpaka leo nachagua chakula. Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kuchagua chakula hata siku moja, chakula ndicho kilichonichagua. Akacheka, nami nikacheka, halafu nikainama nikajifanya natafuta kiatu kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika. Nimefika umri wa kusahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka mitano mfululizo, lakini mwaka ule mmoja naukumbuka sahani kwa sahani, na katika kila sahani mkono wa Bi. Somoe umo.

Nilikwenda Mtwara kwa ajili ya kazi. Nilikuwa fundi wa maabara upande wa Naliendele, mahali ambapo korosho huhesabiwa, hukatwa, hupimwa, hukaangwa na mwisho huonjwa. Mwonjaji nilikuwa mimi. Nilijivunia kazi ile kuliko inavyostahili, maana si kila mtu anaweza kufumba macho na kusema korosho hii imevunwa mapema, hii imelala kwenye unyevu. Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kwamba kumeza kulikuwa kunanisumbua. Nilikuwa mtu wa mwisho kuinuka mezani siku zote. Kila tonge nililisindikiza na maji, nyama niliitafuna mpaka ikapoteza ladha, na nikialikwa kwenye sherehe nilikula wali mtupu nikasingizia nimeshiba. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Wenzangu kazini waliniita Bibi Harusi, kwa vile nakula kwa madaha.

Jumamosi moja mchana tulikuwa uani, tunakula ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi, pande moja likakwama. Halikurudi wala halikushuka. Lilikaa katikati ya kifua, na hata mate yangu mwenyewe yakawa hayapiti. Mama Zainabu, jirani yetu, ambaye alikuwa na jibu la kila jambo kabla halijaulizwa, akasema, "Mwiba huo," ingawa samaki hakuwapo hapo. Bi. Somoe akafinyanga tonge kavu la ugali akanipa. "Meza hivyohivyo, usitafune. Litausukuma." Ndivyo wanavyotoa miiba huko, na kwa miiba inasaidia. Nikameza, tonge likaenda kukaa juu ya ile nyama, sasa nikawa na vitu viwili. Nilitema mate kwenye beseni mpaka alasiri. Hospitali walikuwa wanajiandaa kunitia mpira wakati mzigo wote uliposhuka wenyewe kwa maumivu ambayo siwezi kuyasimulia, na daktari kijana akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Alisema, "Dada, mtu mzima hapaliwi hivi bila sababu."

Dar es Salaam waliniingiza kamera kooni. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na alinionyesha picha za umio wangu, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ulikuwa na pete pete kama koo la kuku ulilokwisha kulichuna. Alikuwa ametoa vinyama vidogo, vikapimwa, na humo walikuta zimejaa eosinofili, chembe za damu ambazo mwili huzituma kupambana na mzio. Hazikutakiwa kuwapo pale hata kidogo. "Kuna chakula unachokula kila siku," alisema, "na umio wako unakipiga vita. Hatujui ni kipi, na kipimo cha ngozi hakitatuambia." Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo mgonjwa wa ugonjwa huu huimeza, na ambayo kwa wakati ule upatikanaji wake kusini ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo ningetakiwa kuhamia karibu na hospitali, nifuatiliwe, na pengine nipanuliwe umio. Njia ya pili ni kuacha vyakula sita kwa wiki sita: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na korosho za kila aina, na samaki na kila kinachotoka majini. Umio ukipona, virudishwe kimoja kimoja, na kila mara kamera iingie tena, mpaka mkosaji ajulikane. "Watu wengi hawamalizi," akasema. Nadhani alisema makusudi. Nilimwambia nitamaliza. Sikutaka kuhama Mtwara. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kweli na chumba changu cha kwanza chenye ufunguo wangu mwenyewe, na nilijua nikiondoka kwa ugonjwa sitarudi.

Niliandika orodha kwa kalamu nene nikaibandika kwenye mlango wa jiko. Bi. Somoe alikuwa mzaliwa wa Mikindani, mjane, na kwa mujibu wa kodi yangu alinipikia chakula cha jioni na cha Jumapili. Alisoma orodha ile kidole kikipita chini ya kila neno. Alipofika kwenye samaki akageuka kunitazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua.

"Samaki ndiyo chakula, mwanangu. Vingine ni vya kusindikizia. Na pweza je?"

"Na pweza."

"Dagaa?"

"Bi. Somoe, kama kiliishi majini, sikili."

"Haya," akasema. "Maji yenyewe unaruhusiwa?"

Nilianza siku ya Jumatatu. Asubuhi mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu na chai ya rangi. Mchana kazini nilifungua kopo langu la wali na mbaazi nikala peke yangu dirishani, wakati wenzangu wanakula chapati. Kuonja korosho nilisimamishwa. Mzee Mbawala, mkuu wetu, alinipa kazi ya kujaza fomu na akaniambia nafasi yangu itanisubiri mpaka msimu wa mavuno, zaidi ya hapo hawezi kuahidi. Jioni nilikuta chakula kimefunikwa kwa kawa: ugali, kuku au mbuzi, na kisamvu. Kisamvu cha Bi. Somoe kilikuwa kizito, chenye utamu unaobaki mdomoni. Kwetu Rungwe sikuwahi kula kisamvu cha namna ile, na katika wiki zile kilikuwa furaha yangu pekee. Nilimsifia karibu kila siku. Kila mtu niliyenunua kwake kitu nilimhoji kama askari. Mama wa vitumbua kituoni aliniapia kwamba vyake ni mchele mtupu, na nilipokwisha kupokea kimoja akaongeza, "Na ngano kidogo tu, ya kushikisha." Nikamrudishia. Alininunia mwezi mzima.

Mtu asiyekula vya watu huzungumzwa, na mimi nilizungumzwa sana. Dirisha langu lilikuwa juu ya mahali ambapo wanawake walichagua mchele, na alasiri za Jumamosi nilisikia kila kitu. Mmoja alisema nina mimba ya mtu wa gesi wa kule Mnazi Bay. Mwingine alisema sisi watu wa bara tunaogopa kuwekewa vitu. Mama Zainabu alisema alinipelekea mkate wa mayai nikaukataa, na hajawahi kudharauliwa hivyo na mpangaji. Nilimsubiri Bi. Somoe anitetee. Nikamsikia anapepeta ungo wake, ndipo akasema, "Anaumwa. Mkimuona mwembamba mnasema kiburi. Mimi ndiye ninayempikia, na anakula akamaliza." Sauti yake haikuwa ya hasira. Niliketi kitandani nikaona haya, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuwachukia wote pamoja naye, kila aliyeweza kumeza bila kufikiri.

Wiki sita zilipotimia nilipanda basi la alfajiri na kopo langu la mihogo. Nilijisikia vilevile, ila nilijiambia kwamba kupona hakuonekani. Kamera ikaingia, vinyama vikatolewa, na siku nne baadaye daktari akaniita. Chembe zilikuwa tele, karibu sawa na mara ya kwanza. Aliniuliza kama nilikosea popote nikasema hapana, na nilisema hivyo nikimtazama machoni, maana nilikuwa na daftari nililoandika kila kilichoingia mdomoni mwangu. Akafunga faili. "Basi lishe haijakusaidia. Hutokea. Omba uhamisho, uje hapa tuanze dawa." Sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi kuanzia Somanga mpaka Lindi, bila kujificha, na mzee niliyekaa naye akanipa kitambaa chake bila kuniuliza kitu.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikaa kwenye meza ya uani kuandika barua ya uhamisho, na ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu nianze lishe kuwa nyumbani siku ya kazi kabla ya adhuhuri. Siku za kazi niliondoka asubuhi na kurudi jioni, na Jumapili nilikuwa kwenye kwaya mpaka chakula kiive. Nimeandika *Yah: Maombi ya* na mstari wa kwanza, nikasikia kinu. Bi. Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anatwanga kitu cheupe. Akakimimina kwenye bakuli, akatia maji, akakamua kwenye chujio, na yale maji mazito kama maziwa akayamimina kwenye sufuria la kisamvu. Machicha akawatupia kuku. Nilisimama. Ndani ya kinu vilibaki vipande viwili, na sikuhitaji kuambiwa ni nini. Zilikuwa korosho mbichi zilizovunjika, zile ambazo maabara walitugawia kila Ijumaa na mimi nilimletea mwenyewe kwenye mfuko wa rambo. Mimi niliyelipwa mshahara kwa ulimi wangu nilikuwa nimekula korosho kwa wiki sita na kumsifia mpishi.

"Bi. Somoe, hiyo ni korosho."

"Tui hilo."

"La korosho!"

"La korosho, ndiyo. Kisamvu utakipika na nini? Korosho zenyewe si nimezitupa, umeniona. Nimekamua, machicha wamekula kuku. Punje hata moja hujapewa, haki ya Mungu. Nilisoma karatasi yako."

Aliamini alichosema. Katika jiko lake korosho ni ile unayoitafuna, na ile ya kuungia mboga haitajwi kabisa, kama ambavyo mtu hataji maji akieleza namna ya kupika wali. Leo nalielewa hilo vizuri kabisa. Siku ile sikulielewa. Nilimwambia kwamba ameniharibia maisha. Nilimwambia bora ningepanga kwa watu wanaosikia wanachoambiwa. Nilisema mengine pia, kwa sauti, na kule upande wa pili wa ua nilisikia Mama Zainabu ameacha kufagia. Bi. Somoe aliondoa sufuria jikoni, akatoka nalo kwa mlango wa nyuma, akarudi likiwa tupu, akaanza kulisugua kwa mchanga. Alisugua muda mrefu kuliko sufuria lile lilivyohitaji. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mimi niliona, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Nilimpigia daktari simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni korosho tu, una hakika. Nikamwambia nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimeshatoka nikamhoji Bi. Somoe kitu kimoja kimoja kutoka kwenye orodha, naye akanijibu kimoja kimoja bila kunitazama. "Wiki sita nyingine," daktari akasema. "Za mwisho. Zisipozaa kitu, uje." Nilipokata simu nikaiweka ile barua chini ya godoro. Niliapa kwamba safari hii nitapika mwenyewe, na jioni nikanunua jiko la mkaa na sufuria dogo.

Bi. Somoe aliliona lile sufuria asubuhi. Akalichukua, akalitazama ndani na nje, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Akasema, "Katika nyumba hii hapapikwi masufuria mawili. Watu wakisikia mpangaji wangu anapika kwake na mimi napika kwangu, watasema tumegombana."

"Si tumegombana, Bi. Somoe?"

"Tumegombana. Lakini hayo ni ya kwetu." Akatia maharage yake humo, likawa kopo la kuhifadhia. "Tutakula unachokula wewe. Nitapika asubuhi kabla hujatoka, uone kila kinachoingia."

Sikumwamini mpaka nilipoona. Kuanzia siku ile aliamka baada ya sala ya alfajiri, akapika mbele yangu, akiinua kila kitu juu kama mtu anayeonyesha mizigo forodhani. "Nazi. Unaiona? Chumvi. Kitunguu." Alikuwa hanisemeshi jambo jingine lolote. Kunde, mbaazi, kisamvu cha nazi ambacho yeye mwenyewe alisema ni chakula cha wafungwa, kuku, boga, ndizi. Na alikula yeye pia, sahani moja na mimi. Ndugu zake wa Msimbati walipoleta samaki wabichi, changu, siku ya Ijumaa, aliwapokea kwa adabu, akawapelekea majirani wote, na sisi tukala mbaazi. Mwanamke wa Mikindani, wiki sita bila samaki. Nilimwambia mimi ndiye mgonjwa, yeye ale. Akanijibu, "Nikile kitoweo wewe unanitazama? Sijalelewa hivyo." Wiki ya nne alianza kunisemesha tena, na wiki ya tano nikagundua kwamba nimemaliza nyama yangu na kikombe cha maji bado kimejaa. Yeye ndiye aliyekiona kwanza. Alikisogeza pembeni, hakusema kitu, wala mimi sikusema, kwa kuogopa kujichuria.

Kamera ya tatu ilikuta umio safi. Daktari mkavu yule alitabasamu, na alipoona nachekelea tu akageuza karatasi ya majibu akachora mistari miwili. "Tazama. Wiki sita za kwanza uliacha vitano, korosho ikabaki peke yake. Ukaumwa. Wiki sita za pili ukaacha na korosho. Ukapona. Wengine huchukua mwaka na zaidi kulijua hilo. Hukupoteza wiki sita, huyo mama amekufanyia kipimo. Vingine tutavirudisha kimoja kimoja kuhakikisha, lakini korosho ndiyo." Nilikaa nikiitazama ile michoro. Furaha ilikuja pamoja na pigo, maana nilielewa mara moja kwamba kuonja kumekwisha. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mbawala kabla sijapoteza ujasiri. Nilimwambia korosho haitaingia tena mdomoni mwangu, ila macho, mikono na mizani ninavyo, na nitakata na kupanga madaraja kuliko mtu yeyote aliyenaye. Alisema hajawahi kusikia maabara ya korosho yenye mtu asiyekula korosho. Nikamwambia sasa amesikia. Nilibaki pale miaka kumi na moja.

Kwa Bi. Somoe nilichelewa, kwa sababu kwake palikuwa pagumu zaidi. Nilimkuta anakuna nazi. Nilipiga magoti kando ya mbuzi yake nikamweleza ile mistari miwili, mara ya kwanza hakuelewa, nikarudia kwa kutumia vikombe. Akaacha kukuna.

"Kwa hiyo ulinifokea kwa kitu kilichokuponyesha?"

"Ndiyo, Bi. Somoe. Nisamehe."

"Sema kwa sauti. Siku ile uliweza."

Nikasema kwa sauti. Nilisema nilimkosea, kwamba asingekuwa yeye ningekuwa Dar es Salaam na ugonjwa usiojulikana, na nikasema kwa nguvu kiasi cha Mama Zainabu kuchungulia. Bi. Somoe alifuta macho kwa kiganja chenye nazi. Kisha akauliza daktari ameruhusu nini kirudi kwanza. Daktari alikuwa ameniachia nichague, na kila mtu alitegemea ningechagua mkate au chai ya maziwa. Nikamwambia samaki.

Ijumaa hiyo alipika changu wa nazi, wawili, na wali, akaandaa sinia moja juu ya mkeka. Aliketi mbele yangu, amenawa, mkono wa kulia uko tayari. Sikuwa nimewahi kumuona na njaa kiasi kile. Nikasema, "Karibu, Bi. Somoe, kula," lakini mkono haukusogea. Nilichambua kipande cha mgongo, nikatoa miiba, nikatafuna, nikameza bila maji. Alikuwa anaitazama shingo yangu. Tulisubiri mpaka nikamwambia kimeshuka. Hapo akasema bismillahi, akala.